Baba wa Ukutani

Kila asubuhi tangu nijue kusema, kabla sijaonja kahawa, nilisimama mbele ya baba yangu nikamwomba baraka. Kwetu Kariri, mashambani mbali kaskazini mwa São Paulo, mtoto asiyeomba baraka za wazazi wake huonekana hana malezi, hata awe na mvi. Baba yangu alikuwa ukutani, sebuleni, juu ya redio, ndani ya fremu yenye umbo la yai. Amevaa suti ya buluu na tai nyekundu, amesimama bega kwa bega na Mama. Nikisema, "Baraka, baba," Mama alijibu kutoka jikoni kwa niaba yake, "Mungu akubariki, mwanangu." Hivyo ndivyo tulivyolelewa mimi na kaka yangu Adauto: wa kuombwa yuko ukutani, wa kujibu yuko jikoni. Sasa nina wajukuu na nywele zangu nazipaka rangi mwenyewe, na hadi mwaka huu bado nilikuwa nafanya hivyohivyo.

Baba yangu aliitwa Belarmino. Alipanda lori kwenda São Paulo kutafuta kazi ya ujenzi nikiwa bado tumboni, akaanguka kutoka ghorofani kabla sijaota jino. Habari ililetwa na rafiki yake. Mwili haukuletwa. Kwa hiyo mimi sikumjua baba kwa njia nyingine yoyote ila ile picha, na nilimjua vizuri sana: nyusi yake ya kushoto iliyokatika katikati, masharubu membamba, na ule mdomo uliokaa kama mtu anayetaka kucheka halafu akakumbuka yuko kanisani.

Suti ile hakuivaa kamwe. Hilo tulilijua wote na halikumsumbua yeyote. Zamani wachuuzi wa picha walipita huku na punda, nyumba hadi nyumba, wakikusanya picha ndogo za vitambulisho na picha za kubatizwa. Walizipeleka mjini, huko zikakuzwa, na mchoraji akapitisha brashi juu yake. Ulisema unachotaka. Mvalishe suti. Mtie hereni. Mfumbue macho, maana alipigwa picha akiwa jenezani. Watu ambao hawakuwahi kukaa pamoja waliunganishwa wakawa mke na mume wa kupendeza. Mkulima aliyekuwa hana hata ndara alirudi nyumbani na tai. Mama na Baba hawakupata kupigwa picha pamoja. Kila mmoja alikuwa na yake ndogo, na mchoraji ndiye aliyewafungisha ndoa ya pili.

Adauto alifanana na ile picha, na alikuwa na kiburi nacho. Tangu alipoanza kunyoa alikata masharubu kwa kupimia ukutani. Wageni walikuwa wakiingia, wanatazama juu, wanatazama chini, wanasema, "Chapa ya baba yake." Yeye anakohoa kidogo, anafurahi. Mimi nilikuwa sifanani na mtu. Masikio yangu yamesimama wazi kama milango ya teksi, na Adauto hakuniacha nikasahau.

"Wewe Dalva tulikuokota gulioni," alikuwa akiniambia. "Ulikuwa umetupwa karibu na mihogo."

Nilipokuwa mdogo nilipanda kiti, Mama asipokuwepo, nikamchunguza baba kwa karibu nikitafuta kitu changu. Pua si yake, kidevu si chake, na masikio yake mazuri, madogo, yamelala vizuri kichwani. Nilishuka kwenye kiti nikilia. Kazi yangu ni ususi na kunyoa, nimeshika vichwa vya mji huu mzima, na sidhani kama niliichagua kazi hiyo kwa bahati tu. Maisha yangu yote nimekuwa natafuta kichwa kinachofanana na changu.

Basi mwaka huu tukaletewa padri mpya, Padri Gleison, kijana wa mjini mwenye viatu vya michezo chini ya kanzu. Alipoona kila nyumba ina picha ya namna hiyo, alishangaa kama mtu aliyegundua dhahabu. Akatangaza kanisani kwamba siku ya sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa parokia, kila familia ilete picha yake ya ukutani kwenye ukumbi, na za vijiji vya nyuma ya mlima pia ziletwe. Watu walinung'unika. Kuna waliosema ukuta bila picha unaacha doa jeupe, na doa hilo ni kama jino lililong'oka. Lakini walileta. Wengine walizikuta nyuma ya makabati, zimefunikwa na magunia, mchwa wamekula mguu wa bibi mmoja hadi gotini.

Siwezi kukuficha, asubuhi ile ilikuwa tamu. Ukumbi ulijaa marehemu waliovaa vizuri. Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Mzee fulani, aliyejulikana kwa kulala mtaroni, alikuwa hapo na ua kifuani kama mbunge. Mwanamke mmoja alimkuta shangazi yake akiwa na mkufu ambao haujawahi kuonekana katika ukoo huo, akauliza kwa sauti nani kaurithi. Nusu ya wanaume ukumbini walikuwa na suti ileile ya buluu na tai ileile nyekundu, maana mchoraji hakujisumbua kubuni. "Kumbe ilikuwa suti ya mji mzima," mtu akasema nyuma yangu, "walikuwa wanaazimana." Kulikuwa na mtoto wa kike aliyechorwa macho juu ya kope zilizofungwa, na mbele yake watu walipunguza sauti wakajifanya wanaangalia kitu kingine.

Nilimtundika baba yangu kwenye msumari tuliopewa, nikamfuta vumbi kwa kona ya blauzi, nikageuka kutafuta kahawa. Ndipo nikamwona upande wa pili wa ukumbi.

Yaani nilimwona baba yangu. Nilikuwa nimempa mgongo, na alikuwa mbele yangu. Nilidhani kuna kioo. Niligeuka kumtazama niliyemtundika, yupo. Nikageuka tena, yupo. Nyusi ya kushoto imekatika katikati. Mdomo uleule unaotaka kucheka. Suti isingenishtua, suti walikuwa nayo wote. Ila uso ule nimeuomba baraka maisha yangu yote, nisingeukosea hata gizani. Na ubavuni mwake hakuwa Mama. Alikuwa mwanamke mnene mwenye hereni za lulu za kupakwa rangi, ameegemea bega la baba yangu kwa raha zake.

Chini ya picha hiyo alikaa mwanamke wa rika langu, mkoba magotini, anakula keki ya mahindi.

"Samahani, Dona," nikamwambia, kama tunavyomwita mama yeyote kwa heshima. Sauti ilitoka kama si yangu. "Huyu ni nani?"

"Baba yangu huyo," akajibu, akafuta makombo. "Anisio wa Kinu cha Miwa, kule nyuma ya mlima. Na huyo mama yangu, Mungu amrehemu. Mimi Ivonete. Ulimfahamu?"

"Alikufa lini?"

"Ah, juzijuzi tu, mwaka ule wa ukame mkubwa. Alikuwa mzee kabisa. Daktari alimkataza sukari guru, akaendelea kutafuna, akamzika daktari kwanza."

Akacheka. Mimi nilitafuta kitu cha kushika, nikashika bega lake.

Naomba unielewe. Kwa muda ule sikuwaza mchoraji wala mchuuzi. Niliwaza kwamba baba yangu hakuanguka kutoka ghorofa yoyote. Niliwaza lori la São Paulo limemshusha njiani, nyuma ya mlima tu, mahali ambapo ng'ombe wakipotea tunaenda kuwatafuta na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilikwenda shule na gauni lililoshonwa kwa mfuko wa unga, Mama alifua nguo za watu mpaka kucha zikamtoka, na yeye alikuwa huko anatafuna sukari guru. Hasira ilinipanda. Niliona aibu kwa kila asubuhi niliyosimama mbele yake.

"Unaumwa?" Ivonete aliuliza.

Nikamnyooshea kidole ng'ambo ya ukumbi. Alitazama. Keki ikamdondoka. Wakati huohuo Adauto akawa anaingia, ameoga, amechana masharubu yake kwa ajili ya siku ile, anatusogelea akitabasamu na ule mdomo. Ivonete alimwona akatoa sauti ndogo, halafu akasema polepole, "Huyu ni kaka yangu Tonho. Huyu ni Tonho mtupu. Nani kamleta hapa?"

Ukumbini ukaanza ule mnong'ono ambao mtu aliyekulia mji mdogo anaujua. "Suti moja, nyumba mbili," mmoja akasema, na mwingine akamalizia, "Na hakutoka jasho." Padri Gleison alikuja mbiombio na viatu vyake, akauliza kama kuna tatizo. Adauto alishatambua. Alikuwa amekodoa macho kwenye picha ya ng'ambo, ngumi zimefungwa, na hapakuwa na mtu wa kumpiga isipokuwa marehemu.

"Mwanaharamu," alisema. "Mwanaharamu, na mimi nimemwita mwanangu jina lake."

"Baba yangu hakuwa mtu wa hivyo," Ivonete alisema, machozi yanamtoka. "Hakulala nje hata siku moja. Mama asingemruhusu."

"Wa kwangu alilala nje maisha yangu yote," nikamjibu. Nikaenda kumng'oa baba ukutani, nikambana kwapani kama furushi, nikatoka.

Nyumba yetu iko karibu na kanisa. Mama magoti yanamsumbua, hakuja ukumbini. Nilimkuta barazani na ungo mapajani, anachambua maharage. Ana umri ambao watu humwuliza kama anasikia kabla ya kumsalimia, na yeye husikia kila kitu.

"Mmemrudisha mapema," alisema. "Padri kamchoka?"

"Mama, huyu ni nani?"

"Maswali gani hayo. Baba yako."

"Nimeona picha nyingine ya mtu huyuhuyu. Ana mke mwingine. Amekufa juzi akiwa mzee, huko nyuma ya mlima. Nakuuliza tena, Mama. Huyu ni nani?"

Mikono yake ilisimama juu ya maharage. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilikuwa nimejiandaa kumshika asianguke, kumletea maji, kumlaani yule mwanamume pamoja naye. Mama akatoa jiwe moja kwenye ungo, akalitupa uani, akasema:

"Nani kakwambia?"

Hakusema "nini," hakusema "haiwezekani." Alitaka kujua nani. Nilikaa sakafuni, picha mapajani, nikamtazama mama yangu kama mtu nisiyemjua.

Nyuma yangu mlango wa uani ukalia. Ivonete alikuwa ametufuata, picha yake imefungwa kwa kitambaa cha meza cha ukumbini, na Adauto nyuma yake anahema. Mwanamke wa watu alikuwa na haki ya kuja. Kama wangu alikuwa mwongo, na wake alikuwa mwongo. Alisalimu kwa adabu, Adauto akamtajia jina la Mama, Hosana, naye akafungua kitambaa, akamwekea Mama picha mbele yake.

Mama alivaa miwani. Alitazama kwa muda.

"Kumbe alikuwa na mke," alisema. Kisha akamwuliza Ivonete, "Jina lake nani?"

"Anisio, Dona Hosana."

"Anisio." Mama alilijaribu jina mdomoni. "Mimi nimemwita Belarmino miaka yote hii. Mwambie anisamehe."

Ndipo akatueleza, kwa sauti ya kawaida, vidole vyake vimerudi kwenye maharage. Baba alipokufa alibaki na picha yake moja tu, ile ndogo ya kitambulisho cha kazi. Mchuuzi akapita na punda, Mama akampa hiyo na ya kwake, aunganishe. Alisubiri majira mawili ya mvua. Mchuuzi aliporudi akafungua karatasi, Mama akaona yuko na mwanamume mgeni.

"Nilimwambia, huyu si mume wangu. Akasema, Dona, mchoraji humpendezesha mtu kidogo. Nikamwambia kumpendezesha ni kitu kingine, huyu mmemzaa upya. Nikadai ile picha ndogo ya mume wangu. Akapekua mizigo yote, hakuiona. Akaapa ataitafuta mjini."

"Kwa nini hukumrudishia?" Adauto aliuliza.

"Kwa sababu yako wewe. Ulikuwa mdogo, umesimama mlangoni na tumbo wazi. Ukaiona. Ukasema, baba amekuja. Ukapiga magoti hapohapo kwenye vumbi mbele ya punda wa watu, ukaomba baraka." Mama alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ningekwambia nini? Yule mchuuzi mwenyewe alivua kofia. Nikaitundika. Nikasema ni ya muda, mpaka atakapoleta ile nyingine. Hakurudi tena."

Adauto mkono wake ulikuwa umepanda kwenye masharubu bila yeye kujua, ameyafunika.

"Sasa mimi nafanana na nani?"

"Na masharubu," Mama alisema. "Ukiyanyoa, unafanana na mjomba wangu aliyekuwa akilewa akauza milango."

Ivonete alicheka, kisha akajiziba mdomo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaka.

"Na mimi?" nikasema. "Nilipanda viti. Nililia. Uliniona nikilia, Mama. Kwa nini hukuniambia kwamba yule si yeye?"

"Ungeomba baraka kwa nani, Dalva? Kwa msumari?"

Nikamwuliza lile swali ambalo sikuwahi kuuliza, kwa kuwa nilidhani jibu liko ukutani.

"Haya. Sasa niambie alikuwaje. Sura yake ilikuwaje?"

Mama alifungua mdomo. "Alikuwa mrefu," alisema. "Alikuwa mwembamba, na uso wake ulikuwa..." Akafumba macho kama anayekumbuka mahali alipoweka ufunguo. Tulisubiri. Nilimwona uso wake ukibadilika, na hofu ikaniingia, maana Mama si mtu wa kuogopa na sasa alikuwa anaogopa.

"Anakuja huyu," alisema. "Kila nikifumba macho, anakuja huyu wa suti."

Maharage yakamwagika kutoka ungoni taratibu, na yeye hakuyazuia. Nimeshuhudia misiba mingi katika baraza ile, lakini ule ndio ulionivunja. Baba yangu alikufa mara ya pili pale, mbele yangu, na safari hii ndani ya kichwa cha mtu wa mwisho aliyewahi kumwona.

Ivonete ndiye aliyesema. "Dona Hosana, baba yangu alitoa picha mbili. Alikuwa akisimulia sana. Hakujua ipi nzuri, akampa mchuuzi zote achague, na hazikurudi. Mama alimsuta mpaka kufa kwake kwamba amezitupa." Aliigeuza picha yake kifudifudi sakafuni. Mgongo wake ulikuwa umezibwa kwa karatasi ya kaki, gundi imekuwa nyeusi, haijawahi kuguswa. "Kama moja ya baba iliingia kwenu, basi ya kwenu iliingia wapi?"

Nilikimbilia mkasi wangu wa kazi. Mikono inayonyoa watoto wachanga bila kuwagusa ngozi haikupata pa kuanzia, Adauto akanipokonya, naye hakupata vilevile, mwishowe Ivonete akachana karatasi kwa kucha. Ndani kulikuwa na kadibodi, na nyuma ya kadibodi bahasha ndogo iliyobandikwa. Akaitikisa. Zikaanguka picha tatu zisizozidi ukubwa wa stempu kubwa. Ya mwanamke mnene, bila hereni. Ya mwanamume mwenye nyusi iliyokatika.

Na ya kijana mmoja.

Alikuwa mwembamba, shati limefungwa mpaka shingoni, anatazama mbele kwa hasira kidogo kama aliyeambiwa asipepese macho. Alikuwa mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Ivonete alimpa Mama kwa mikono miwili.

Mama aliisogeza karibu, akaiweka mbali, akaipeleka penye mwanga.

"Simjui," alisema, akairudisha.

"Mtazame vizuri, Mama."

"Nimemtazama. Simjui mtoto huyu."

Adauto akageukia ukutani. Ivonete akasema kwa upole kwamba huenda ni wa familia nyingine, huko mjini walikuwa wanachanganya sana. Mimi niliipokea ile picha, nikaitazama. Masikio. Yamesimama wazi pande zote mbili, hayana hata aibu. Nilitaka kupiga kelele, ni huyu, ni huyu. Sikuthubutu. Nilikuwa nimeomba masikio yale tangu utoto, ningeyaona hata kwenye chungu. Shahidi alikuwa mmoja tu, na amesema hamjui.

"Lete tena," Mama alisema.

Safari hii hakuangalia uso. Aliweka ukucha wa kidole gumba chini ya kidevu cha kijana, kwenye kola, akaufuata mshono kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Shati hili ni la kaka yangu, baba yenu aliliazima," alisema. "Kola ilikuwa imelika. Niliifumua nikaigeuza, upande mzima uje nje. Uzi mweupe uliniishia katikati, nikamalizia kwa mweusi. Tazama." Tulitazama. Mishono midogo myeusi ilionekana, imepanda mmoja juu, imeshuka mmoja chini, ya mtu aliyeshona kwa haraka. "Nilimwambia, inamisha kidevu wakati wa kupigwa picha, wasiuone. Nilimwambia mara ngapi. Hakuinamisha, mkaidi yule."

Kisha akalia. Sijamwona Mama akilia hivyo hata katika mazishi. "Kola naijua," alikuwa akisema. "Kola naijua, yeye simjui. Nimemwangalia yule mwingine mpaka nimemfuta wangu." Ivonete, ambaye asubuhi hiyohiyo hatukujuana, alipiga magoti akamshika, na mimi nilibaki na masikio yangu nisijue kama nifurahi au nijitupe chini. Nilifanya yote mawili kidogo.

Baadaye nilimrudisha Anisio mahali pake juu ya redio, na Adauto akachukua nyundo kumshusha. Mama alimkemea.

"Muache hapo. Amekulea na hakudai chochote. Nyumba si ya kumfukuza mgeni uzeeni." Akaiingiza ile ndogo kifuani, ndani ya gauni. "Na huyu nipeni mimi. Nina kazi naye."

Ivonete aliondoka na vipande vyake, na sukari guru aliyokuja nayo kwenye sikukuu akatuachia. Adauto alikwenda kwake bila kuaga. Siku iliyofuata alipita na mdomo mtupu, amenyoa, na kusema kweli alifanana na mtu anayeweza kuuza milango.

Lakini kabla hajapita, asubuhi hiyo, niliamka nikatoka sebuleni kama kawaida, nikasimama mbele ya redio, na maneno yakakataa kutoka. Anisio alinitazama na mdomo wake wa kucheka. Baba wa watu. Mzee wa miwa. Nilimwinamia kichwa kwa heshima, nikaenda chumbani kwa Mama.

Alikuwa ameketi kitandani, miwani puani. Ile picha ndogo ameisimamisha kwenye kikombe, amekaa nayo uso kwa uso, na nadhani hakulala. Mimi nilisimama mlangoni, na masikio yangu, na mvi zangu zilizopakwa rangi, nikamtazama kijana yule mwenye hasira.

"Baraka, baba," nikasema.

Nikasubiri, kama nilivyosubiri kila siku, sauti ya Mama inijibu kwa niaba yake. Midomo yake ilijaribu kitu, ikaacha, ikajaribu tena.

"Ngoja kwanza, mwanangu," alisema. "Bado sijaikumbuka sauti yake."

Nikakaa kitandani kando yake, nikangoja.